Kumtumainia Mungu wakati wa dhiki: mwongozo kwa familia ya Kikristo



Anayetoka katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa Barabara ya Nyerere huifikia Kipawa jirani kabisa na uwanja wa ndege. Kando ya barabara kuna viwanda na maghala. Nyuma yake kuna mitaa ya nyumba za kupanga, ambamo familia nzima huishi katika chumba kimoja au viwili. Alfajiri, kabla ya Misa ya kwanza, vibarua wamekwisha kufika kwenye mageti ya viwanda, mama lishe wamekwisha kuwasha moto, na vijana wa bodaboda wako kijiweni wakingoja abiria. Ni watu wa kazi. Hata hivyo wengi wao huumaliza mwezi wakiwa na deni.

Kutoka katika nyumba za namna hii hutujia mara kwa mara, sisi tuliokabidhiwa uchungaji, swali moja: “Padre, tumesali, tumefunga, tumetoa nia za Misa, mbona hali ni ileile?” Swali hili si utovu wa imani. Ayubu aliuliza hivyo, Mzaburi aliuliza hivyo, na Bwana wetu mwenyewe pale msalabani aliyatwaa maneno ya zaburi ya mtu aliyejiona ameachwa (rej. Zab 22, Mt 27:46). Lakini ni swali linalostahili jibu kamili zaidi ya kuambiwa “vumilieni, Mungu yupo”. Anayeuliza anataka kujua kumtumainia Mungu ni kufanya nini hasa, siku ya Jumatatu asubuhi, unga ukiwa umekwisha na mwenye nyumba akiwa anadai kodi yake.

Katika makala hii tunakusanya mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hilo pamoja na mifano ya familia zilizopita njia hiyo kabla yetu. Tunalotaka kulisema ni hili: kumtumainia Mungu ni tendo ambalo mume, mke na watoto hulitenda pamoja kila siku, na dalili yake ya kwanza ni ukweli ndani ya nyumba. Familia inayosali pamoja huku ikifichana mambo bado haijaanza kutumaini.

Maana ya kumtumainia Mungu

Tumaini ni mojawapo ya fadhila tatu za Kimungu, pamoja na imani na mapendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalieleza katika namba 1817 hadi 1821. Lengo lake la mwisho ni uzima wa milele, na nguvu yake hutoka kwa Mungu mwenyewe. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na tumaini kubwa huku machozi yakimtoka. Utulivu wa moyo ni zawadi ambayo Mungu huitoa anapopenda. Fadhila yenyewe iko katika utashi, katika kuamua kubaki mikononi mwa Baba hata pale moyo usipohisi kitu.

Katekisimu hiyohiyo inataja dhambi mbili zilizo kinyume cha tumaini. Ya kwanza ni kukata tamaa, yaani kuacha kungojea wema wowote kutoka kwa Mungu (KKK 2091). Ya pili ni ujuvi, yaani kudhani kwamba tutafika kwa nguvu zetu wenyewe, au kwamba Mungu atatufikisha bila sisi kutubu na kushiriki (KKK 2092). Katika familia, dhambi hizi mbili mara nyingi hukaa chini ya paa moja. Mmoja amekwisha kuzima moyo, hasemi tena lolote juu ya kesho. Mwenzake anasema “Mungu atatenda”, lakini hatafuti kazi, haulizi bei, wala hatunzi hesabu.

Jambo la tatu linalohitaji kueleweka vema ni namna maongozi ya Mungu yanavyofanya kazi. Mungu ndiye Bwana wa yote, lakini katika kuutekeleza mpango wake hupenda kutumia ushirikiano wa viumbe vyake (KKK 306-308). Tunapoomba mkate wetu wa kila siku, hatuombi ruhusa ya kukaa bure (KKK 2830). Kwa kawaida Baba hujibu sala ya nyumba moja kwa kupitia mikono ya wanadamu: fundi aliyemkumbuka mwenzake kazi ilipopatikana, jirani aliyekubali kubaki na mtoto, muuguzi aliyekesha. Anayesubiri muujiza huku akiwafungia watu mlango anaweza kuwa amemfungia nje yule aliyetumwa na Mungu.

Nyumba ya Tobiti na Ana

Maandiko Matakatifu yametuachia picha ya ndoa iliyo katika dhiki ambayo waamini wengi hawaifahamu vya kutosha. Inapatikana katika Kitabu cha Tobiti. Tobiti alikuwa mtu mwema aliyeishi uhamishoni Ninawi. Aliwagawia maskini chakula na kuwazika ndugu zake waliouawa, na kwa sababu ya wema huo alipoteza mali yake. Kisha akapofuka. Mke wake Ana akaanza kufanya kazi za kusuka nguo ili nyumba ipate kula.

Siku moja waajiri walimlipa Ana ujira wake na kumwongezea mwanambuzi. Tobiti aliposikia sauti ya mnyama ndani ya nyumba, alimshuku mkewe kuwa ameiba. Ana akajieleza, mumewe asimwamini. Akataka mnyama arudishwe kwa wenyewe. Hapo Ana akamjibu kwa ukali, akimwuliza ziko wapi sasa sadaka zake na matendo yake mema (rej. Tob 2:11-14).

Tuisome habari hii polepole. Hakuna mwovu katika nyumba hiyo. Mume ni mcha Mungu, mke ni mchapakazi. Umaskini na ugonjwa ndivyo vilivyoingia katikati yao. Mume aliyezoea kutoa sasa analishwa, na aibu yake inageuka kuwa shuku. Mke aliyechoka anapigwa na neno moja baya, naye anarudisha lililo baya zaidi. Ni ugomvi ambao hata leo unaweza kusikika kupitia ukuta wa nyumba yoyote ya kupanga: mume amepunguzwa kazini, mke anauza vitumbua, na jioni mume anauliza kwa sauti ya chini, “Hela hii umeipata wapi?”

Baada ya ugomvi huo Tobiti alilia, akasali, akaomba hata afe. Mungu alimsikia. Lakini msaada wake haukushuka kama radi. Ulikuja kwa njia ndefu: kijana wao Tobia alisafiri kufuata fedha iliyowekwa amana kwa ndugu wa mbali, akapata mwenza wa safari, ambaye bila wao kujua alikuwa malaika Rafaeli, akaoa, kisha akarudi na dawa. Siku zote hizo Ana alikuwa akitoka kuitazama njia ambayo mwanawe aliondokea (rej. Tob 10:7). Mwishowe Tobiti aliponywa kwa mkono wa mtoto wake mwenyewe, aliyempaka dawa machoni (rej. Tob 11:7-15).

Familia zetu zinajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, kugombana wakati wa dhiki hakumaanishi kwamba ndoa imekufa wala kwamba Mungu ameondoka. Maandiko hayakuuficha ugomvi huo. Pili, tumaini la Ana halikuwa la maneno mengi. Alilia, alilalamika, hakufarijika, na kila siku akatoka tena kuitazama njia.

Wanaohamishwa na Familia Takatifu

Wakazi wa Kipawa wanajua kwa namna ya pekee maana ya kukaa bila kujua kesho mtalala wapi. Katika miaka ya 1990 nyumba nyingi za Kipawa na mitaa ya jirani zilifanyiwa tathmini ili kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na watu wengi walisubiri fidia kwa zaidi ya miaka kumi. Uwanja umepanuka, Jengo la Tatu la abiria lilizinduliwa tarehe 1 Agosti 2019. Waliohama walikwenda kuanza upya mbali na mahali walipozoea.

Kusubiri kwa namna hiyo ni mzigo mzito kwa ndoa. Nyumba iliyofanyiwa tathmini haiendelezwi. Bati linalovuja linaachwa livuje. Mipango ya watoto inaahirishwa mwaka hadi mwaka. Na fedha inapofika, kama mume na mke hawakuwa wamezoea kuzungumza juu ya fedha, ndipo mgawanyiko unapojitokeza: mmoja anataka kiwanja, mwingine anataka mtaji, na ndugu wa pande zote mbili wako mlangoni. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa tarehe 19 Machi 2016, aliutaja ukosefu wa makazi ya staha kuwa miongoni mwa mambo yanayoiumiza familia na hata kuchelewesha ndoa (AL 44). Kanisa, basi, halioni suala la nyumba kuwa la kidunia tu lisilohusu wokovu.

Familia Takatifu ya Nazareti nayo iliamka usiku na kuondoka. Mtakatifu Yosefu hakupewa maelezo marefu, aliambiwa amchukue mtoto na mama yake, akimbilie Misri, akae huko mpaka atakapoambiwa tena (rej. Mt 2:13-15). Hakuelezwa ni miezi mingapi, wala atakula nini. Alichopewa ni hatua moja, naye akaitenda usiku uleule. Huo ndio mwendo wa tumaini katika familia: mara chache Mungu huonyesha njia yote, lakini hatua ya leo kwa kawaida inajulikana. Kumpeleka mtoto kliniki, kumwomba mwenzi msamaha, kwenda kuzungumza na mwenye nyumba kabla hajaja kwa hasira: hizo ni hatua za leo.

Tungependa kuongeza shauri moja kwa familia inayohama, iwe kwa kupisha ujenzi au kwa kushindwa kodi. Katika wiki ya kwanza kwenye makazi mapya, tafuteni Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya mtaa huo na kujitambulisha kwa mwenyekiti wake. Mtu anapohama hupoteza zaidi ya kuta. Hupoteza watu wanaomjua kwa jina. Familia nyingi zilizolegea katika imani hazikuamua kuliacha Kanisa. Zilihama, zikasema zitajiandikisha baadaye, na hiyo baadaye haikufika.

Katika Barabara ya Pugu

Barabara ya Nyerere inayopita Kipawa zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Kule Pugu ndiko Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walikofungua misheni yao mwaka 1888, na mwezi Januari 1889 ikaharibiwa na baadhi ya wamisionari kuuawa, wakati wa vita vya Abushiri. Kanisa letu la Dar es Salaam limeanzia kwenye magofu. Anayekwenda leo kuhiji Pugu anapita mbele ya Kipawa kuelekea mahali ambapo, kwa macho ya kibinadamu, kazi ya Mungu ilikuwa imeshindwa.

Katika barabara hiyohiyo, miaka ya 1950, alikuwa akipita mwalimu wa Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kwenda kwenye mikutano mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 20. Ndiye Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, mchakato wake ukiwa umeanzishwa katika Jimbo la Musoma. Alifunga ndoa na Maria Gabriel mwaka 1953. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 akawa kiongozi wake, na mwezi Machi 1955 alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akajiuzulu.

Mara nyingi tendo hilo husimuliwa kama habari ya taifa. Tulitazame kama habari ya familia. Kijana mwenye mke na watoto wadogo anarudi nyumbani akiwa ameacha mshahara wa uhakika. Alirudi kwao Musoma, na kwa muda akajipatia riziki kwa kuwafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Katika miaka hiyo ya mwanzo Mama Maria aliendesha duka dogo, na nyumba yao ya Magomeni imehifadhiwa hadi leo kama kumbukumbu. Hatutangulii hukumu ya Kanisa juu ya utakatifu wa mtu yeyote, wala hatusemi kwamba kila anayeacha kazi amemtumainia Mungu. Tunachojifunza ni kwamba uamuzi mkubwa wa mmoja ulibebwa na wawili. Aliyesimama jukwaani na aliyesimama nyuma ya meza ya duka walikuwa katika sadaka moja. Baba wa familia anayekusudia kuacha kazi, kukopa au kuuza kiwanja, na mkewe akazisikia habari hizo kwa jirani, hajamtumainia Mungu. Amemtwisha mwenzake mzigo asioujua.

Dhiki inapozaliwa ndani ya ndoa

Hadi hapa tumezungumzia dhiki inayotoka nje: umaskini, ugonjwa, kuhamishwa. Iko nyingine iliyo chungu zaidi, ile inayotoka kwa mwenzi mwenyewe. Juu ya hiyo tunao mashahidi katika ukanda wetu huu, Watumishi wa Mungu Cyprien na Daphrose Rugamba wa Rwanda.

Cyprien alikuwa mshairi, mtunzi wa nyimbo na mtafiti wa utamaduni. Aliwahi kuwa mseminari, lakini imani ilikuwa imempotea. Alifunga ndoa na Daphrose mwaka 1965. Baada ya miezi michache, kwa sababu ya uvumi, alimrudisha mke wake kwa wazazi wake. Walirudiana baadaye, lakini kwa miaka mingi mume alibaki mbali na Mungu na hakuwa mwaminifu; Daphrose alifikia hata kumpokea mtoto ambaye mumewe alimzaa nje ya ndoa. Mwaka 1982, katika kipindi cha ugonjwa, Cyprien aliongoka. Ndoa yao ikaanza upya kabisa. Mwaka 1990 walianzisha Jumuiya ya Emmanueli nchini mwao, wakawahudumia watoto wa mitaani wa Kigali, wakakataa kuingia katika chuki ya kikabila. Tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita. Mchakato wa kuwatangaza wenyeheri ulifunguliwa Kigali mwaka 2015.

Kati ya harusi na kuongoka kwa mume kuna miaka 17. Hatuwezi kuisoma haraka miaka hiyo. Daphrose hakujua kwamba ingekuwa 17. Kwake ilikuwa siku moja baada ya nyingine, bila ahadi yoyote kwamba mwisho utakuwa mwema. Sakramenti ya Ndoa huwapa wanandoa neema ya kuukamilisha upendo wao na kubebeana mizigo (KKK 1641-1642). Neema hiyo ilifanya kazi ndani yake wakati hakuna aliyeiona.

Lakini mfano huu una mpaka, na tunawajibika kuutaja waziwazi. Mume asiutumie kama ruhusa ya kuendelea na uovu akisema mke mwema huvumilia. Wala mke, au mume, anayepigwa asiambiwe kwamba kubaki chini ya kipigo ndiko kumtumainia Mungu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inatambua kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili anatoa sababu halali ya kutengana. Na kama kuchelewa kuna hatari, mwenye kuumizwa aweza kuondoka hata kabla ya kupata maamuzi ya Askofu. Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba katika hali za namna hiyo kutengana kwaweza kuwa jambo la lazima ili kumlinda mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo (AL 241). Kutengana huko hakuvunji kifungo cha ndoa, lakini kunaokoa uhai, na uhai ni mali ya Mungu. Anayeishi katika hatari aende kwa mtu anayemwamini, aje parokiani, afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mungu anayemtumainia ndiye anayemtaka awe salama.

Mambo yanayojifanya tumaini

Dhiki inapokuwa ndefu, sauti nyingi huiita familia. Ya kwanza ni ya mganga, anayeahidi kutaja jina la aliyeiroga nyumba. Kanisa linakataza ramli na uchawi wa kila namna (KKK 2115-2117), na kwa upande wa familia madhara yake yanaonekana upesi: mganga akishataja jina, mara nyingi ni la mama mkwe, wifi au jirani, na nyumba iliyokuwa na shida moja sasa ina mbili.

Ya pili ni ya wale wanaouza muujiza kwa jina la Yesu: mafuta, maji, leso na “mbegu” ya fedha, kwa ahadi kwamba atoaye leo atapata mara dufu kesho. Tunawaonea huruma wanaokwenda huko, kwani wengi wanasukumwa na uchungu wa kweli. Lakini kumwekea Mungu tarehe ya kutenda ni kumjaribu (KKK 2119). Tena mahubiri hayo humwachia maskini jeraha la pili: muujiza usipotokea, huambiwa kwamba imani yake ni ndogo.

Ya tatu haina sura ya dini, nayo imeingia sana mitaani kwetu: mkopo wa haraka wenye riba kubwa, ule ambao watu wenyewe wameuita kausha damu. Mama anaukopa kwa siri alipe ada. Baba anaukopa kwa siri alipe deni lingine. Marejesho yanadaiwa kila siku au kila wiki, na siri inahitaji uongo mpya kila yanapodaiwa. Siku wadai wanapokuja kuchukua televisheni na godoro, kinachovunjika zaidi ni uaminifu kati ya wawili. Mkopo si dhambi kwa asili yake. Siri ndiyo inayoua.

Matendo ya kila siku ya familia inayotumaini

Tumalizie kwa mambo ambayo familia yoyote, hata ile isiyo na kitu, inaweza kuyaanza wiki hii.

Jioni ya ukweli. Mara moja kwa wiki mume na mke wakae, watoto wakiwa wamelala, wasemezane kilichoingia, kilichotoka na kinachodaiwa, bila kulaumiana. Mwenye deni la siri alitaje. Kikao cha kwanza huwa kigumu sana; ikibidi, waombe mzee wa Jumuiya au padre awe nao.

Sala fupi ya pamoja. Amoris Laetitia inashauri dakika chache kila siku ambapo familia inasimama mbele ya Bwana, inamweleza yanayoisumbua na kumshukuru (AL 318). Fumbo moja la Rozari linatosha kwa nyumba iliyochoka. Watoto wasikie wazazi wakitaja shida kwa majina yake: kodi, kazi, ugonjwa wa bibi. Mtoto anayesikia hivyo hujifunza kwamba shida inaweza kusemwa mbele ya Mungu bila aibu.

Patano la kila siku. Maneno matatu ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliyarudia mara nyingi, yaani tafadhali, asante na samahani (AL 133), hayagharimu shilingi. Tobiti na Ana wangeyahitaji siku ile ya mwanambuzi.

Sakramenti. Dominika isiachwe kwa sababu ya aibu ya kukosa sadaka au nguo mpya. Kitubio kinawarudishia wanandoa uwezo wa kuanza upya, na Ekaristi Takatifu ndiyo chakula cha safari. Wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, wakiamini kwamba lazima kwanza zipatikane fedha za sherehe, waje tuzungumze. Sakramenti haihitaji ukumbi wala kamati.

Jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, waliamua katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa msingi wa uchungaji. Walitaka Kanisa liwe karibu na mlango wa kila nyumba. Basi familia iliyo katika dhiki isiache kwenda Jumuiya kwa kuogopa michango. Iseme ukweli kwamba haina. Na Jumuiya, pamoja na WAWATA na UWAKA, ihesabu kuwa ni aibu yake, wala si ya familia hiyo, kama mtu amelala njaa mita chache kutoka mahali inaposali.

Hitimisho

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliifananisha familia na Kanisa la nyumbani (Lumen Gentium, 11; KKK 1655-1657). Kanisa halijengwi siku ambayo shida zote zimekwisha. Lile la Pugu lilijengwa juu ya majivu. Lile la Tobiti lilijengwa na mzee kipofu, mke aliyechoka na kijana aliyetumwa mbali.

Hatuwezi kumwahidi msomaji wetu kwamba kazi itapatikana mwezi ujao, wala kwamba mwenzi aliyepotea atarudi mwaka huu. Kristo hakutuahidi hilo. Aliahidi kuwa pamoja nasi siku zote (rej. Mt 28:20), na katika ndoa uwepo wake una mahali maalumu: kati ya wawili waliokubali kuambiana ukweli na kushikana mikono mbele yake. Leo usiku, kabla ya taa kuzimwa, mume amwulize mke wake, au mke mume wake: “Kuna nini unachokibeba peke yako?” Kisha asikilize mpaka mwisho, nao wasali Baba Yetu.

Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu, mtuombee.